Yago Si ya Kunywa Mbichi

Toleo hili tulikuwa tumepanga kuandika juu ya magonjwa ya kuku, lakini kuku watangoja kidogo. Yametokea mambo mawili katika msimu mmoja ambayo yametulazimu tuandike juu ya yago.

La kwanza, kikundi kimoja cha akina mama karibu na mto Kuja kilituuliza kama kinaweza kuanza mradi wa dawa ya yago, ya kupaka na ya kunywa, na kuiuza siku za soko. La pili, kabla hatujawajibu, mjukuu wa mmoja wa akina mama hao alinyweshwa yago mbichi. Alitapika na kuendesha usiku kucha, na alfajiri akapakiwa kwa pikipiki hadi kituo cha afya, macho yameingia ndani. Sisi tulikuwa pale kwa kazi nyingine alipofikishwa. Muuguzi alimgeukia bibi yake akamuuliza, "Dani, umempa mtoto nini?"

Bibi akajibu kwa sauti ya chini, "Ni dawa ya yago, nyathina. Tumbo lake lilikuwa limejaa minyoo. Niliinunua sokoni."

Kumbe muuzaji alikwangua tunda bichi, akaliloweka kwa maji ndani ya chupa ya soda, akaiuza chupa kama dawa ya minyoo. Hakuna aliyeuliza tunda lilikuwa bichi au kavu, limepikwa au halijapikwa, na mtoto wa miaka 4 anywe kiasi gani. Kila mtu alijua kwamba yago ni dawa, na hapo ndipo maswali yaliishia. Mtoto alilazwa siku mbili akapona. Tunashukuru, kwa sababu mtoto mdogo anayeendesha na kutapika hukaukiwa maji upesi sana, na si kila boma lina pikipiki karibu alfajiri.

Kwa hivyo jibu letu kwa kile kikundi, na kwa vikundi vingine vinavyofikiria mradi kama huo, ndilo hili. Ya kunywa, hapana. Ya kupaka, hebu tuzungumze kwanza. Na juu ya mti wenyewe tuna ombi, maana unaanza kuwa adimu.

Mti wenyewe

Wengi wetu tunaujua kwa macho. Kwa Kiswahili unaitwa mwegea, wengine husema mvungunya, na wataalamu wa mimea huuita Kigelia africana, jina ambalo asili yake ni lugha moja ya Msumbiji. Ni wa ukoo mmoja na jakaranda ile ya barabara za mjini, ingawa ukiutazama hutadhani. Hupenda kingo za mito na mabonde yenye udongo mzito. Ukiachwa ukue unaweza kufika mita 20, na kivuli chake ni kizito.

Maua ni makubwa, mekundu yaliyokolea karibu na rangi ya zambarau, na yananing'inia kwenye kamba ndefu zinazotoka kwenye matawi. Hufunguka jioni. Harufu yake haimpendezi mtu, lakini popo wanaifuata, na hao popo ndio wanaobeba chavua kutoka ua hadi ua usiku. Asubuhi maua yanaanguka chini, mbuzi na ng'ombe wanayaokota. Kisha kamba ile ile inabeba tunda: refu kama soseji, la kijivu, gamba gumu, urefu wa sentimita 30 hadi 60 na mengine yakikaribia mita nzima. Kilo 5 hadi 10 ni uzito wa kawaida. Linaweza kuning'inia miezi mingi kabla ya kuanguka.

Hapo kwenye kuanguka tusicheke. Mwaka mmoja tulifanya mkutano wa kikundi chini ya yago kwa sababu ya kivuli, na tunda likashuka moja kwa moja juu ya meza ya mweka hazina. Sanduku la pesa lilipasuka, na vitabu vikaruka hadi kwenye nyasi. Mweka hazina alikuwa ameinuka dakika moja mbele kwenda kupokea simu. Tangu siku hiyo, kivuli cha yago tunakitazama tu kwa mbali, na watoto hatuwaruhusu kuketi hapo.

Tunda linalozikwa

Kabla hatujafika kwenye sumu, ni lazima tutaje jambo ambalo Wajaluo wengi wakisikia neno yago ndilo hulikumbuka kwanza. Mtu akifa mbali au akizama ziwani, atafutwe na mwili usipatikane, watu wa ukoo hukata tunda la yago, hulifunga kama maiti na kulizika bomani kana kwamba ni yeye mwenyewe. Matanga yanafanyika na watu wanalia. Baada ya hapo mke anahesabiwa kuwa mjane, na mambo ya nyumba ambayo yalikuwa yamesimama yanaweza kuendelea.

Fikirini ni mara ngapi nyumba za Nyanza zimehitaji jambo hilo. Katika Vita Kuu ya kwanza, 1914 hadi 1918, wanaume wengi sana wa huku walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza wakapelekwa Tanganyika kubeba mizigo. Wengi walikufa kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi, na wakazikwa huko huko. Vita vya pili vilichukua wengine hadi Burma. Hakuna maiti zilizorudishwa nyumbani. Na ziwa nalo mpaka leo linachukua wavuvi wetu kila mwaka.

Makanisa hayana kauli moja juu ya desturi hii, na ukurasa huu si mahali pa kuamua. Tunaitaja kwa sababu yago ikizikwa badala ya mtu haimdhuru mtu, na kwa sababu nyingine ambayo mzee mmoja wa Nyatike alitueleza. Jirani zake walimpoteza kijana wao ziwani. Walipoamua kuzika yago, walizunguka siku mbili wakitafuta mti wenye tunda. "Zamani," jaduong' alisema, "ningewaonyesha mitatu bila kusimama kutoka kitini."

Sumu iko wapi?

Tunda la yago likiwa bichi ni sumu kwa mtu akilila au akinywa maji yake. Huchoma mdomo na koo, hukoroga tumbo, mtu huendesha vibaya na kutapika. Hata likikomaa, nyama yake ni nyuzi na uchungu, hailiki. Nyani huila, nungu huila, na huko kwenye mbuga tembo na twiga nao huila. Lakini msipime tumbo la mtoto kwa tumbo la nyani.

Sasa mtu atauliza, kama ni sumu, mbona Wakikuyu na Wakamba wanaitia kwenye pombe yao? Swali ni zuri, na jibu lake linatufundisha zaidi kuliko mahubiri marefu. Ile pombe Wakikuyu huiita muratina, na muratina ndilo jina lao la tunda hili. Lakini tunda halitiwi bichi. Hupasuliwa, likaanikwa juani mpaka likakauka kabisa. Huchemshwa. Kisha hulowekwa kwenye maji kidogo ya miwa au asali mpaka yachachuke, likatolewa na kuanikwa tena. Baada ya safari yote hiyo ndipo linapotumiwa, na kazi yake si kuleta utamu wala nguvu. Asali na miwa ndivyo vinavyofanya hivyo. Kazi ya tunda ni kubeba ile hamira ya asili iliyojificha kwenye nyuzi zake. Likishamaliza kazi linaoshwa, linakaushwa na kuwekwa mpaka safari ijayo. (Hatuandiki haya ili mtu aende kupika pombe. Akina mama wa vikundi wanajua vizuri pombe inagharimu nini nyumbani.)

Mbegu nazo zina habari yake. Huko Malawi, wakati wa njaa, watu wamezitoa kwenye tunda, wakazikaanga kwenye moto na kuzila. Hazikuliwa mbichi, na hakuna aliyezifanya chakula cha kila siku.

Mkiangalia njia hizi mtaona kwamba wote waliotumia yago kwa mdomo walipitisha jua, moto, maji na siku nyingi katikati ya mti na tumbo. Yule muuzaji wa chupa aliyaruka yote hayo. Alichukua jina la dawa akaacha kazi ya dawa.

Yaliyotokea ng'ambo ya mpaka mwaka 1985

Labda mtu atasema tunakuza jambo dogo, kwamba kuharakisha matayarisho si kitu. Basi tutatoa mfano wa zao mnalolijua, muhogo, na wa mahali ambapo mtu wa Migori anafika kwa matatu asubuhi na kurudi jioni.

Mwaka 1985 kulikuwa na ukame katika wilaya ya Tarime, Tanzania, upande ule wa Shirati ambao leo uko wilaya ya Rorya. Mahindi na mtama vilishindwa, ukabaki muhogo mchungu, ambao hustahimili jua. Muhogo mchungu una sumu ya jamii ya sianidi. Bibi zetu walijua hivyo bila kusoma: waliumenya, wakauloweka au wakaufunika uchachuke, wakauanika, siku baada ya siku, ndipo wakasaga. Lakini njaa ikiwa mlangoni siku hizo zinaonekana nyingi. Watu walifupisha. Na kwa kuwa hapakuwa na samaki, nyama wala maharagwe ya kutosha kando ya ugali, mwili haukuwa na kitu cha kuusaidia kuiondoa sumu ile kidogo kidogo iliyobaki.

Ndipo watu wakaanza kulemaa miguu. Mtu analala mzima, au anatembea kwenda shambani, na ghafla miguu inakakamaa, haiinuki tena sawasawa. Waliopatwa zaidi walikuwa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Madaktari walioufuatilia ugonjwa huo Tarime waliutambua kuwa ni konzo, ugonjwa uliokuwa umeandikwa Kongo tangu 1938. Neno lenyewe ni la Wayaka wa Kongo na maana yake ni miguu iliyofungwa. Miguu ikishafungwa hivyo, haifunguki. Hauzidi kuwa mbaya, lakini haurudi nyuma.

Muhogo si yago, na sumu zao ni tofauti. Hatusemi yago italemaza mtu miguu. Tunachoonyesha ni kwamba watu wa Tarime hawakula kitu kigeni. Walikula chakula cha babu zao, wakapunguza siku chache tu za kukitayarisha. Mimea ya namna hii ina maarifa yake, na maarifa hayo yako katika zile hatua zinazochosha. Dani anayejua hatua hizo ana thamani, na anayejua jina la mti tu ni hatari, hata akiwa na ndevu nyeupe.

Ya kupaka

Tukirudi kwa yago, hapa kuna habari njema kidogo. Mahali pengi Afrika unga wa tunda lililokaushwa, uliochanganywa na maji au mafuta, hupakwa kwenye vidonda, majipu, ukurutu na mabaka ya ngozi. Wanawake wa Tonga katika bonde la Zambezi huutumia usoni ili ngozi iwe laini bila madoa. Makampuni ya vipodozi ya Ulaya yameona hayo, na leo kuna krimu zinazouzwa huko zenye yago ndani yake, kwa bei ambayo hapa ingenunua mbuzi.

Wataalamu nao wamepima. Imeonekana maabarani kwamba tunda na maganda ya mti vina kemikali zinazozuia baadhi ya bakteria, wakiwemo wale wanaotia usaha kwenye vidonda. Mwaka 1994 watafiti wa London walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba maji ya mti huu yalipunguza ukuaji wa seli za saratani ya ngozi ndani ya vyombo vya maabara. Wengine wamepima maganda ya mizizi dhidi ya vijidudu vya malaria, wakapata dalili za kutia moyo.

Hapa ndipo wauzaji wa sokoni huchukua kipaza sauti. "Yago inatibu kansa! Yago inatibu malaria!" Polepole, ndugu. Chombo cha maabara hakina ini, hakina figo, wala hakina mtoto tumboni. Kitu kikiua seli ndani ya chombo, bado hatujui kitafanya nini ndani ya mtu, na kwa kiasi gani kitamdhuru yeye kabla ya kuudhuru ugonjwa. Mtu mwenye malaria apimwe na kupewa dawa ya hospitali siku hiyo hiyo. Na ndugu zetu wenye ualbino, ambao saratani ya ngozi ndiyo adui yao mkubwa katika jua hili la ziwani, wakiona kidonda kisichopona waende hospitali mapema, wasikae nyumbani miezi mitatu wakipaka yago.

Kuna na ile habari ya vijana, ambayo wazee hucheka wakisimulia na kutazama pembeni. Ati msichana akijipaka tunda changa kifua kitakua, na mvulana naye ana sehemu yake ya kupaka, kisha tunda hilo likiachwa mtini yeye huendelea kukua pamoja nalo mpaka akimbie kulikata. Tumeuliza wengi, na hatujampata hata mmoja aliyekua. Utomvu mbichi kwenye ngozi laini unaweza kuwasha na kuchubua, na kijana wa namna hiyo huwa anaona haya kwenda kwa daktari. Wazazi, waambieni watoto wenu waziwazi.

Kwa kikundi kinachotaka kutengeneza ya kupaka kwa matumizi ya nyumbani, haya ndiyo tunayoshauri. Tumieni tunda lililokomaa, likatwe vipande vyembamba na kuanikwa juu ya kichanja safi mpaka likauke kabisa. Vipande vikiwa na ukungu, tupeni. Sageni, chungeni, wekeni unga katika chombo kikavu chenye kifuniko na jina, juu mahali mtoto hafikii. Unga ukichanganywa na mafuta, pakeni kwanza sehemu ndogo ndani ya mkono na kungoja mpaka kesho yake. Ngozi ikiwasha, basi. Msipake mtoto mchanga, msipake karibu na macho wala mdomo, wala ndani ya kidonda kirefu, wala jeraha la moto. Mgonjwa wa sukari mwenye kidonda mguuni asiguse mambo haya, aende hospitali.

Kuuza ni jambo lingine. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba ya asili, lakini dawa ya mitishamba inayouzwa inatakiwa kusajiliwa na Bodi ya Famasi na Sumu, na vipodozi vina viwango vyake vya KEBS. Ukiandika kwenye chupa kwamba inatibu ugonjwa fulani, umeshaingia upande wa dawa. Kwa kikundi chenye akiba ndogo, na yago yenyewe ikibadilika nguvu kutoka mti hadi mti, tunaona bado si mradi wa kuanzia. Mtu mmoja akichubuka ngozi, kikundi kizima kinabeba aibu na pengine kesi. Tulipowaambia hivyo akina mama wa mto Kuja walinung'unika, na tunawaelewa, maana walikuwa wameshanunua chupa.

Mtoto akishakunywa

Ikiwa mtoto au mtu mzima amekula au kunywa yago mbichi, msimlazimishe kutapika, wala msimtie kidole kooni. Kinachochoma kikishuka, kitachoma tena kikipanda. Msimpe dawa nyingine ya miti ya kushindana na ile ya kwanza. Msuuzeni mdomo kwa maji safi. Akiwa ana fahamu na anaweza kumeza, anzeni kumpa maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo kwa kijiko: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pakiti ya ORS kutoka dispensari ni bora zaidi kama ipo. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Lakini hayo ni ya njiani. Mpelekeni kituo cha afya bila kungoja kuona kama itapungua, na mbebe chupa yenyewe au kipande cha tunda. Akilegea au kupoteza fahamu, alazwe ubavu na asipewe kitu chochote mdomoni. Tena, semeni ukweli mkifika. Yule dani wetu alisema ukweli kwa swali la kwanza, na kazi ya muuguzi ikawa rahisi. Tumeona wengine wakificha kwa kuogopa kugombezwa, saa nzima ikapotea. Na nyinyi wahudumu wa afya mnaosoma ukurasa huu, msiwagombeze mbele ya watu.

Miti inakwenda wapi?

Yago nyingi zilizobaki ziko kando ya mito: Kuja, Migori, na mabonde ya upande wa Lambwe. Huko ndiko miwa, mboga na tumbaku vimesogea mpaka ukingoni. Kukausha tumbaku kunataka kuni, kuchoma matofali kunataka kuni, na mchoma makaa akikosa miti mizuri huchukua alioupata. Wauzaji wa dawa nao wanabandua maganda kuzunguka shina lote, na mti uliobanduliwa hivyo hufa umesimama.

Kuna na sababu ya kimyakimya. Tunda la yago halipasuki lenyewe. Mbegu zake zimefungwa ndani ya gamba na nyuzi, zinangoja mnyama wa kulivunja na kuzibeba tumboni. Wanyama wakubwa hawatembei tena katika mashamba yetu. Waliobaki wako ndani ya ua wa Ruma. Kwa hivyo mti ukifa ukingoni mwa shamba, usitazamie mwingine uote wenyewe. Ni mtu apande.

Kupanda si kazi ngumu. Okoteni tunda lililoanguka na kuanza kuoza, si la kukata mtini. Lipasueni kwa panga, toeni mbegu, zioshe na kuziloweka usiku mmoja. Zipandwe kwenye mchanga wa mtoni uliochanganywa na samadi iliyooza, zifunikwe udongo kidogo, zimwagiliwe bila kujaza maji. Huchipua baada ya siku 10 hadi 25. Miche ikipata majani ya kutosha ihamishiwe kwenye mikebe au makopo yaliyotobolewa, na wakati wa mvua ndefu ipelekwe mahali pake. Tawi nene lililochomekwa ardhini mwanzo wa mvua nalo linaweza kushika. Zungusheni miiba, kwa sababu mbuzi. Ukikaa vizuri, mti unaweza kuchanua baada ya miaka 6 hivi.

Mahali pake ni ukingo wa mto au pembe ya shamba, mbali na nyumba, njia, zizi na uwanja wa shule. Mizizi yake ina nguvu na tayari tumewaambia habari ya sanduku la pesa.

Kile kikundi cha mto Kuja kimeacha mradi wa dawa ya kunywa. Zile chupa wameziuza kwa mama wa sabuni ya maji, na sasa wana kitalu kidogo cha yago kando ya miche yao ya mikaratusi na miembe. Kikundi kinachotaka mbegu kije ofisini kwetu siku ya soko, na kije na mkebe wake. Dani aliyempeleka mjukuu kituo cha afya ameshachukua miche miwili. Mmoja ameupanda mtoni, na wa pili alitaka kuupanda nyuma ya jiko, tukamkatalia.